Jirani wa Nyuma ya Sikio

Chura alifanya kazi yake kwa uaminifu. Nilimtoa kwenye mfereji wa nyuma ya jiko, nikamweka ndani ya tranka la Kiondo Mbwambo juu ya mashati yaliyokunjwa, nikafunga, kisha nikakaa kitandani kwangu na uso wa mtu anayesoma Jiografia. Kiondo akaingia, akafungua tranka, na chura akamrukia kifuani. Ulikuwa mruko ambao ningeweza kuutolea cheti.

"Karibu," Kiondo alimwambia chura.

Akamshika kwa mikono miwili, akamtoa nje, akamweka kwenye nyasi. Akarudi, akavaa shati lile lile ambalo chura alikuwa amelikalia.

Naomba uzito wa jambo hili ueleweke. Huyu ni Kiondo ambaye muhula uliopita, kwa kosa langu dogo tu la kumtilia dawa ya meno ndani ya soksi, alinikimbiza kuzunguka uwanja mpaka patroni akadhani tunafanya mazoezi, akatupongeza. Ni Kiondo ambaye matusi yake ya Kipare yalikuwa marefu kuliko sala ya asubuhi. Sasa alikuwa anafunga shati polepole, akitabasamu kama mtu anayemsikia mama yake akiosha vyombo chumba cha pili.

Na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anamsikia. Mama yake alizikwa wakati wa masika.

Nyuma ya sikio lake la kulia kilikuwa kimebandikwa kifungo cha kijivu chenye taa ndogo ya kijani. Nyuma ya sikio langu palikuwa na kingine kama hicho. Tofauti ni kwamba chumba changu cha pili kilikuwa kitupu.

*

Likizo ilipoanza, mabasi yasiyo na dereva yalipanda mlima hadi shuleni kwetu Kwemhunda yakawachukua wenye makwao. Tukabaki sisi ambao jina letu rasmi shuleni ni Waliobaki. Wengine wazazi wao wanavuna mwani kwenye mashamba yanayoelea bahari kuu, na hawashuki mpaka mwisho wa mwaka. Wengine wamefiwa. Wengine, kama mimi, bibi aliyewalea amelala chini ya migomba, na wajomba wanaona barabara ya kumfuata mpwa ina kona nyingi mno.

Ndipo kampuni ya Tulizo kutoka Tanga ikatukumbuka. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amefanya hivyo, kwa hiyo hatukuuliza maswali mengi.

Alikuja mhandisi mmoja, Dada Ndeshi, mwembamba, mwenye koti kubwa kwa sababu ya ukungu wetu, na maboksi ya biskuti. Alikaa juu ya meza ya bwalo, miguu ikining'inia, akatueleza kitu alichokuwa ametengeneza. Kiliitwa Jirani.

"Mwili wa mtu una masikio ambayo mwenyewe hayajui," alisema. "Ukiingia nyumbani unajua kama kuna mtu kabla hujamwona. Joto kidogo hewani. Sakafu inavyotikisika. Pumzi. Sasa, hiki kifungo kinasoma mapigo ya moyo wako, kinajifunza ni nani unayemkosa, halafu kinauambia mwili wako, kwa mitetemo midogo usiyoitambua, kwamba huyo mtu yupo. Si mzimu, tafadhali. Humwoni, huongei naye. Yupo tu chumba cha pili."

"Na kama hakuna chumba cha pili?" nikauliza.

Wenzangu wakacheka. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Dada Ndeshi naye alicheka. Akatusimulia jinsi kitu kinavyozaliwa: wazo kwanza, ambalo alilipigania mbele ya wakubwa wake mpaka wakachoka. Kisha mfano wa kwanza, mkubwa kama sahani, uliompa kila aliyeuvaa kichefuchefu. Wa pili ulimfanya mlinzi wa ofisi amlilie mke wa mtu mwingine. Wa tatu ulifanya kazi kwa mbwa peke yao. Huu wa nyuma ya sikio ndio uliofuzu, na sasa ulihitaji kujaribiwa na watu ambao kweli wana mtu wa kumkosa.

"Baadhi ya vifungo vimekufa," akaongeza. "Vina joto lilelile na taa ileile, lakini ndani hamna kitu. Bila hivyo hatutajua kama mmefarijika kwa sababu ya kifungo au kwa sababu mmeona biskuti."

"Nani atapewa vilivyokufa?" Kiondo aliuliza.

"Hata mimi sijui. Wanajua makao makuu tu, na hawataniambia mpaka majaribio yafungwe. Nikijua nitawatazama kwa jicho jingine."

Tulijipanga tukabandikwa. Nilisubiri. Wenzangu mmoja baada ya mwingine walitulia, kama maji ya ndoo iliyowekwa chini. Mimi niliendelea kusubiri, na nilipochoka kusubiri nilifanya ninachofanya siku zote ninapochoka. Nilitafuta mtu wa kumchokoza.

Na hapo ndipo ilipoanza ile hali ambayo chura aliithibitisha. Mzaha ni kazi ya watu wawili. Anahitajika wa kufanya na anahitajika wa kukasirika. Nilishona miguu ya suruali ya mwenzangu ikazibika, mwenyewe akaifumua akisema pole kwa suruali. Alasiri moja, wakati wa kulala mchana, niligonga ile rimu ya lori inayotumika kama kengele, mlio wa paredi ya dharura. Walitoka wote, wakajipanga mistari kwenye manyunyu. Nikajificha nyuma ya tangi nikisubiri waanze kulaani. Hakuna aliyeuliza nani kagonga. Hakuna aliyegeuka kumtazama jirani yake. Walisimama wakilowana, nyuso zimetulia, kila mmoja na mtu wake.

Mwishowe ni mimi niliyetoka nikawaambia warudi ndani. Walinishukuru.

*

Vifungo havipendi maji. Tulipokwenda kuoga kila mtu alikitundika chake kwenye msumari mlangoni, akaoga upesi, akakirudisha sikioni maji yakiwa bado yanamchuruzika. Asubuhi moja niliwahi kutoka. Kifungo changu na cha Kiondo vilikuwa vimetundikwa pamoja, vinafanana kama mayai. Nikavibadilisha.

Ningependa kusema nilifanya uchunguzi wa kisayansi. Ulikuwa uchokozi.

Nilikibandika cha kwake nikaanza kurudi bwenini. Kilihangaika kidogo, kama mgeni anayetafuta swichi ya taa, kwa kuwa moyo haukuwa ule kiliouzoea. Kisha kikatulia. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi Bibi alipokuja.

Alikuwa chumba cha pili, anapepeta mahindi. Sikusikia sauti. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba umevaa viatu. Alikuwa pale, hana haraka, hana haja nami kwa sasa, na akimaliza ataniita. Nilikaa kwenye ngazi na jambo fulani lililokuwa limekaza mgongoni mwangu tangu siku ya mazishi likaachia. Sikujua kuwa lilikuwa limekaza. Nilidhani ndivyo migongo ilivyo.

Sijui nilikaa hapo kwa muda gani. Nilikwenda bwaloni kwa sababu miguu ilikwenda.

Yalikuwa makande. Kiondo aliketi mbele yangu, kijiko mkononi, akitazama huku na huku kama aliyeamka ndani ya basi asilolipanda.

"Haya makande yana mawe," alisema.

Nikatabasamu.

"Shemweta! Nasema nimetafuna jiwe! Mpishi anapika kokoto, anataka tujenge darasa tumboni?" Akainusa sahani. "Na hii shati inanuka chura. Kwa nini shati yangu inanuka chura? Wewe! Ni wewe! Mbwa wa kufuga wewe, uso kama sufuria ya uji!"

Hiki ndicho nilichokuwa nimekililia. Rafiki yangu amerudi, amekasirika, kijiko kinanielekea puani. Nami nilikuwa nimekaa pale, nimeridhika kama paka juani, na matusi yake yalinipita kama mvua inayonyesha kijiji cha pili. Bibi alikuwa anapepeta. Kiondo wa nini?

Niliogopa. Hofu yenyewe ilikuja ndogo, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka bondeni. Lakini ilitosha kuinua mkono. Nikakibandua kifungo.

Bibi akatoka. Si polepole. Kama mlango uliogongwa na upepo.

"...na tena ukoo wenu wote hamjui kuvaa soksi!" Kiondo alikuwa anamalizia.

Nilianza kucheka, huku machozi yakinitoka, naye aliponiona nacheka akashindwa kuendelea kukasirika, akacheka na punje ya makande ikamtokea puani. Tukacheka zaidi kwa ajili ya ile punje. Bwalo zima halikugeuka. Tulikuwa tunacheka wawili katikati ya watu waliokuwa wanakula kwa adabu kama wako kwenye picha.

Kisha Kiondo akaweka kijiko chini. Akageuza kichwa, akasikiliza.

"Mama kaenda wapi?"

Kiondo alishika nyuma ya sikio. Akanitazama mkononi, akaiona ile taa ya kijani, na uso wake ukavunjika. Tulipokwenda mazishini kule Same, Kiondo hakulia. Alibeba viti, akagawa chai, akawaambia wageni poleni. Sasa alilia juu ya makande, kwa sauti, kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Nirudishie."

"Kiondo, subiri kwanza. Kinakufanya usi..."

"Najua kinanifanya nini! Unadhani sijui? Nirudishie mama yangu, Shemweta."

"Na mimi je?"

Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Wewe una nini? Wewe utapata mwingine wa kumwekea chura."

Nilikirudisha. Nilikibandika mwenyewe. Nilimwona akiondoka, huku macho yake yakiwa bado yananitazama.

*

Kulikuwa na kampuni nyingine, sijui wapi, iliyosemekana inatengeneza kitu kama hicho. Kwa hiyo wakubwa wa Tulizo hawakungoja majaribio yafungwe. Dada Ndeshi alipokea simu, akarudi bwaloni akiwa ameuma mdomo. Uzinduzi ungefanyika hapahapa shuleni, mbele ya Umoja wa Shule za Bweni za milimani na pwani. Wakikubali, kila kitanda cha kila bweni kingepata kifungo kabla ya muhula mpya.

"Nahitaji mwanafunzi wa kuzungumza," alisema. "Mteja haamini maneno ya aliyetengeneza. Anamwamini aliyetumia."

Akawajaribu mmoja mmoja. Alimuuliza Kiondo, "Kifungo kimekusaidia vipi?"

"Vizuri," Kiondo alisema.

"Tueleze kidogo."

Kiondo alifikiri. "Vizuri sana."

Wote walikuwa hivyo. Ukimuuliza mtu aliyeshiba kuhusu chakula, atakuambia nini? Dada Ndeshi alikuwa anakaribia kulia alipofika kwangu. Nikamwambia kwamba kwa heshima na taadhima kifungo hiki kimebadilisha maisha yangu, kwamba zamani nilikuwa na marafiki na kelele nyingi lakini sasa nimeondolewa mizigo yote hiyo. Aliangua kicheko mpaka akashika meza.

"Ni wewe!" alisema. "Una uhai, una maneno. Ona macho yako yanavyong'aa! Hivi ndivyo nilivyokuwa naota Jirani itawafanya watoto wawe."

Namheshimu sana Dada Ndeshi, kwa hiyo nalisema hili bila kucheka. Katika bweni zima, alikuwa amemchagua mtu mwenye kifungo kilichokufa awe sura ya vifungo vilivyo hai. Na hakuwa na namna ya kujua. Alikuwa amejifunga macho mwenyewe, kwa uaminifu, ili asipendelee.

"Dada, ulitengeneza hiki kitu kwa ajili ya nani?" nikamuuliza.

Alitazama dirishani, ukungu ulipokuwa umemeza uwanja. "Nilikwenda bweni nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa najifunika blanketi kichwani najifanya mama yuko upande wa pili wa ukuta. Nilijifanya kwa nguvu sana, Shemweta. Nikasema nikikua nitatengeneza kitu ili mtoto mwingine asihitaji kujifanya."

Ningemwambia pale pale. Mdomo ulifunguka. Lakini nyuma yake nilimwona Kiondo amekaa benchi la ukutani, kichwa kimeelekea upande, anasikiliza vyombo vikioshwa. Nikisema, wangevichukua vifungo vyote wakaviangalie upya, na mama yake angekufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nisiposema, kila bweni la milimani na pwani lingekuwa kama letu. Na mimi ningepoteza rafiki kwa njia zote mbili. Hilo ndilo lililonichekesha, nilipokuwa peke yangu, kwa namna isiyochekesha.

*

Wakuu wa shule walifika kwa magari yenye vioo vyeusi. Walikaa mbele bwaloni, wakapewa chai ya tangawizi na maandazi. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Mkuu mstaafu, Mama Ngalawa, mama mnene mwenye kilemba cha zambarau na sauti iliyozoea kusikika mpaka mstari wa nyuma. Waliobaki walikaa pembeni, wamenyooka, wamechanwa nywele.

Dada Ndeshi alieleza mitetemo na mapigo ya moyo. Kisha akaniita.

Nilisimama. Hotuba nilikuwa nayo kichwani, nzuri, yenye mizaha mitatu. Nikamtazama Kiondo. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliye runingani.

"Shikamooni," nilisema. "Kifungo changu kimekufa."

Dada Ndeshi alitabasamu, akidhani ni mzaha wa kwanza.

"Sitanii. Najua hamna sababu ya kuniamini, mimi nimeweka vitu vibaya kwenye matranka ya watu wengi. Lakini nilivaa cha mwenzangu, nikaona tofauti. Changu hakina kitu. Mnaponiona nachangamka, mnamwona mtu ambaye hakutumia bidhaa. Waliotumia ni wale pale." Nikawaonyesha. "Hawagombani. Hawataniani. Niligonga kengele ya uongo wakasimama kwenye mvua, hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukiwapa chakula chenye mawe wanatafuna mawe. Kila mmoja yuko na mtu wake, na mtu huyo hayupo. Mimi ndiye mpweke peke yangu humu ndani, na nimekuja kuwaambia kwamba ni afadhali niwe hivi. Msinunue."

Dada Ndeshi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilijiona shujaa kwa muda wa kumeza mate.

Mama Ngalawa aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," alisema, "rudia hapo pa kengele. Walisimama wote?"

"Wote, mama."

"Kwenye mvua."

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyenung'unika." Akawageukia wenzake. "Chakula nacho hawalalamikii. Mnasikia?"

Walikuwa wanasikia. Waliegemea mbele, macho yamefunguka, maandazi yamesahauliwa. Mmoja aliuliza kama kinafaa pia kwa kidato cha nne wakati wa mitihani. Mwingine aliuliza kama vile vilivyokufa vinaweza kuondolewa kabisa, maana vinaleta usumbufu, na akanionyesha kwa kidevu.

"Sikukitengeneza kwa ajili ya hilo," Dada Ndeshi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitaka wasilie."

"Na hawalii, binti yangu. Hongera." Mama Ngalawa alimwambia hivyo kwa wema wa kweli, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. "Aliyefua jembe haulizwi litalima shamba la nani. Tutachukua."

Walipiga makofi. Waliobaki nao walipiga makofi, kwa sababu makofi yalikuwa yanapigwa. Nilikuwa nimejiandaa kuchukiwa. Sikuwa nimejiandaa kuwa msemaji bora wa mauzo katika historia ya Tulizo.

*

Magari yalipoteremka mlima, Dada Ndeshi alinikuta kwenye kibaraza. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinyoosha mkono, akakibandua kifungo changu, akaniwekea kingine kiganjani.

"Hiki ni kizima, makao makuu wameniambia. Sitakulaumu ukikivaa," alisema. "Mimi nakwenda Tanga kupigana nao. Nililipigania wazo hili lizaliwe, na sasa..." Alitikisa kichwa, akaingia kwenye gari lake.

Nilikishika. Kilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Sikuhitaji kufanya lolote la kishujaa wala la kipumbavu. Ningekigusisha tu nyuma ya sikio, na mtu angeanza kupepeta mahindi.

Kiondo alitoka ndani, akapita karibu yangu kwenda kunawa.

"Kiondo. Nilitaka kukuharibia pale. Nilijua watakunyang'anya, na bado nikasema."

"Najua," alisema.

"Hujakasirika?"

"Si kitu, Shemweta." Na akatabasamu, tabasamu zuri, lisilo na chochote dhidi yangu.

Nimewahi kupigwa, kunyimwa chakula, na kuchimbishwa shimo la takataka. Hakuna kilichoniuma kama lile "si kitu."

Alinawa, akaingia bwaloni kula. Nilikaa mpaka ukungu ulipofika kwenye ngazi. Kisha nikakiweka kile kifungo juu ya ukuta wa kibaraza, taa yake ya kijani ikiwaka kwa ajili ya yeyote, nikaingia.

Benchi lilikuwa limejaa. Kiondo alikuwa mwisho, na pembeni yake palibaki nafasi ya kukalia nusu ya mtu.

"Sogea," nilisema.

Hakusogea. Hakukataa pia. Hakuwa amesikia, alikuwa anasikiliza kwingine.

Nikakaa hivyo hivyo, upande mmoja wa makalio kwenye ubao na mwingine hewani, mguu umekaza sakafuni nisianguke. Nikavuta sahani. Nikaanza kumsimulia habari za mama yake, yale niliyoyajua mimi: alivyotuletea viazi siku ya wazazi, alivyoniita mwizi wa viazi na kuniongezea. Nilisimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibiwa. Chakula kilipoa. Mguu ulianza kufa ganzi. Nikaendelea.